KUTOKA UBAONI: Lenzi Ndani ya Jicho



Mwaka huu sikutafuta mada, mada ilinitafuta. Msikitini, maharusini, hata makaburini, nimesimamishwa na kuulizwa jambo moja: "Mwalimu, ni kweli mtoto wa dada yako katiwa miwani ndani ya jicho?" Ni kweli. Mwenyewe Zuhura ameniruhusu niandike, kwa sharti moja tu, kwamba nisitaje mazuri nikaficha mabaya. Nimekubali. Na kwa kuwa yeye amekubali habari zake ziwekwe wazi, nimeona si haki mimi nifiche zangu. Basi mtayakuta humu mambo ambayo kwa miaka zaidi ya 30 sikumwambia mtu.

Tuanze ubaoni, kama ada yetu.

Jicho ni chumba chenye giza na dirisha moja. Kioo cha dirisha hilo ni konea, ngozi angavu iliyo mbele kabisa. Nyuma yake kuna chumba kidogo cha maji, kisha pazia la rangi, na katikati ya pazia kuna tundu tunaloliita mboni. Nyuma ya pazia ndipo ilipo lenzi tuliyozaliwa nayo. Waarabu huiita adasa, na waliosoma chuoni pamoja nami wanajua kwamba adasa ni adesi, hizi hizi tunazopika kwa nazi. Ukiitazama adesi moja kwa ubavu utaona umbo la lenzi lilivyo. Mwisho kabisa, ukutani nyuma ya chumba, imetandazwa retina, na hapo ndipo picha inapotakiwa kuangukia.

Jicho likiwa refu kupita kiasi, picha huangukia kabla ya kufika ukutani, na vitu vya mbali huwa ukungu. Hao ndio wasioona mbali. Zuhura alikuwa na dayopta 11 jicho la kulia na 12 la kushoto. Hesabu yake ni nyepesi: gawa 100 kwa 11, upate 9. Maana yake, bila ya miwani, kitu chochote kilichopita sentimita 9 kutoka jichoni kwake kilikuwa ukungu. Pimeni kwa rula mjionee. Sentimita 9 ni urefu wa kidole.

Tangu skuli alikuwa akivaa miwani minene kama kitako cha bilauri. Alipokua akahamia kwenye lenzi za kubandika, akazivaa kwa miaka mingi, mpaka konea ikaingia vidonda mara mbili na daktari akamkataza. Akarudi kwenye miwani. Sasa ana miaka 29, ni muuguzi, na ana mtoto mchanga. Usiku mmoja king'ora cha moto kikalia katika jengo lao. Miwani ilikuwa imeanguka nyuma ya kitanda. Alishuka ghorofa tatu akiwa amempakata mwanawe, kila ngazi akiipapasa kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Moto haukuwepo, ilikuwa ni moshi wa jiko la jirani. Lakini tangu usiku ule alikata shauri kwamba hataki tena kuishi hivyo.

Wengi watauliza: kwa nini asipigwe leza kama fulani? Leza hufanya kazi kwa kuichonga konea, na konea ni nyembamba, unene wake ni kama nusu milimita tu. Dayopta nyingi huhitaji kuchongwa sana, na konea iliyochongwa kupita kiasi hudhoofika na kubinuka. Ya Zuhura ilikuwa nyembamba tangu kuzaliwa. Kwa watu wa namna yake iko njia ya pili. Huchongi kitu, unaongeza. Lenzi ndogo iliyotengenezwa kiwandani hutiwa ndani ya jicho, mbele ya ile ya asili, na ile ya asili huachwa pale pale ilipo.

Hapa msichanganye mambo mawili. Mtu mwenye mtoto wa jicho, lenzi yake imeingia ukungu, hutolewa ile mbovu na kutiwa nyingine mahali pake. Kijana kama Zuhura lenzi yake ni nzima, na bado inaweza kujibana na kujilegeza ili asome karibu. Ukiitoa utamzeesha jicho kabla ya siku zake. Ndiyo maana yake yeye haikuguswa.

Habari ya kutia lenzi jichoni ina historia ambayo sisi wa chuoni tunapaswa kuijua. Kiasi cha miaka 1000 iliyopita Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona. Katika zama hizo hizo Ammar al-Mawsili, naye huko Cairo, aliandika jinsi ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Lakini wote wa zamani walijua kuondoa tu. Kurejesha kitu mahali pake hawakujua.

Aliyerejesha ni Mwingereza, Harold Ridley. Katika vita vya pili alitibu marubani waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege zao. Akagundua kwamba plastiki ile hukaa ndani ya jicho na jicho halikasiriki. Baadaye, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimtazama akimtoa mtoto wa jicho alimwuliza kwa nini hatii lenzi nyingine mahali pa ile aliyoitoa. Swali la mwanafunzi, wasomaji wangu! Miaka yote niliyofundisha niliwaambia walimu wenzangu wasiyadharau. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' hapa London, Ridley alitia lenzi ya kwanza. Madaktari wenzake wakubwa walimpinga kwa miaka mingi. Alipewa cheo cha Sir mwaka 2000, akafariki 2001, na kabla ya hapo, uzeeni, naye mwenyewe alitiwa lenzi machoni.

Hizi za wasioona mbali zilianza kujaribiwa miaka ya 1950, Strampelli huko Italia na Barraquer huko Hispania. Hazikuwa na mwisho mwema. Ziliisugua konea kwa ndani, na nyingi ikabidi zitolewe. Mambo yakabadilika mwaka 1986, kwa njia mbili. Huko Uholanzi, daktari Jan Worst alikuwa na lenzi inayoshika pazia la rangi kwa pembeni, mfano wa magando ya kaa, nayo ikaanza kutumiwa kwa wasioona mbali. Huko Moscow, Fyodorov alianza kutia lenzi nyuma ya pazia, mbele tu ya lenzi ya asili. Aina zote mbili zimeendelezwa mpaka leo. Marekani waliruhusu ile ya magando mwaka 2004, na ile ya nyuma ya pazia mwaka 2005.

Sasa nifute ubao kidogo, niseme yangu.

Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alianza kuona ukungu mwaka 1987. Mimi nilikuwa tayari niko Uingereza. Mwaka uliofuata alikuja kisiwani daktari mgeni, akapima watu, akamwambia mama ana mtoto wa jicho na anaweza kumfanyia. Dada yangu akaniandikia barua kuniuliza. Katika nyumba yetu msomi nilikuwa mimi. Nimesoma chuo, nimesoma sekondari, ninafundisha fizikia, ninachora jicho ubaoni kwa chaki za rangi. Nikajibu: "Mama angoje. Mtoto hajakomaa. Akikomaa nitakuja na fedha tumpeleke kwa madaktari wa hakika." Neno la kungoja akomae sikulibuni mimi. Zamani madaktari wenyewe walilisema, kwa kuwa kwa njia yao ya wakati huo ilikuwa rahisi zaidi kumtoa aliyekomaa. Lakini daktari aliyekuwa mbele ya mama hakusema angoje. Niliyesema ni mimi, niliye mbali na nisiyempima.

Mama akangoja. Mtoto wa jicho akiachwa sana anaweza kuvimba, akaziba njia ya maji ya jicho, na presha ya jicho ikapanda. Usiku mmoja aliumwa na kichwa na kutapika. Wakadhani ni homa, wakampaka mafuta ya mchaichai. Siku zikapita. Jicho lile likafa, maana mshipa wa kuonea ulikuwa umekufa, na mshipa huo hauna lenzi ya kuurejesha. La pili likafuata mwaka mwingine.

Nilifika mwaka 1991, na fedha mfukoni. Aliponisikia sauti akanyanyuka, akanipapasa uso kwa mikono miwili, akasema, "Umekonda, mwanangu." Nilikuwa nimenenepa. Sikumsahihisha. Aliishi miaka sita baada ya hapo na wala hakunilaumu hata siku moja, na dada yangu hakunikumbusha barua ile. Ninayeikumbuka ni mimi.

Basi fikirini hali yangu siku Zuhura alipokuja nyumbani na mama yake. Dada akasema, "Kaka, wewe ndiye msomi. Mwambie aache. Jicho zima lichomwe kisu kwa nini, na miwani ipo?" Na Zuhura akanitazama kupitia vile vioo vyake vinene, akasema, "Mjomba, nitafuata utakalosema."

Kwanza ulimi wangu ulitaka kusema "ngoja", kwa mazoea. Kisha moyo ukaruka upande wa pili, nikataka kusema "nenda kesho". Nikanyamaza, nikamwagiza chai. Maana niliona kwamba majibu yote mawili yalikuwa juu ya mama yangu, si juu ya huyu binti. Mama alikuwa na maradhi, na kungoja kulimla. Zuhura hakuwa na maradhi ya namna hiyo, na angengoja mwaka, lenzi yake isingeharibika kwa kungoja. Lake lilikuwa hiari, na hiari hupimwa kwa mizani nyingine. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si daktari, na mara moja nilijifanya daktari. Twende tukapime, nitafuatana nawe, na uamuzi utakuwa wako."

Mahali pa kwanza tulipokwenda palikuwa na mazulia na mashine ya kahawa. Kijana mwenye suti alimpima kwa nusu saa, akasema anafaa kabisa, na akilipa arubuni kabla ya Ijumaa atapunguziwa. Mboni hazikutiwa dawa ya kuzipanua ili retina itazamwe. Nilipouliza kwa nini, akanijibu hayo yatafuata. Tukashukuru, tukatoka. Hata gari kuukuu siwezi kununua kwa haraka ile.

Mahali pa pili tulikaa karibu asubuhi nzima. Daktari alihesabu seli za ndani ya konea, maana hizo zikifa hazizai nyingine, na lenzi ikiwa karibu nazo huzipunguza. Akapima kina cha chumba cha maji, kwani lenzi inahitaji nafasi, na kinachotakiwa ni kama milimita 3. Akapima upana wa mboni gizani. Akataka karatasi za miwani za nyuma ili aone kwamba namba haibadiliki tena. Kisha akapanua mboni, akatazama retina, na katika jicho la kushoto, ukingoni, akaona mpasuko mdogo. Jicho refu huivuta retina kama khanga iliyotandikwa kitanda kisicho chake, na pembeni huanza kutatuka. Akauzungushia mpasuko ule leza siku ile ile, akasema mambo ya lenzi yasubiri.

Kwa hiyo Zuhura alingoja miezi minne. Hiyo ilikuwa ngoja ya haki, na nilijifunza kwamba neno lenyewe halina kosa. Kosa ni kulitamka bila ya kupima.

Daktari huyo alimwambia mengine bila ya kuficha. Taasisi ya hapa inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, iliandika mwaka 2009 kwamba kwa muda mfupi usalama na manufaa ya lenzi hizi yana ushahidi mzuri, lakini kuna hatari iliyoongezeka ya mtoto wa jicho, ya kudhurika konea na ya kubanduka retina. Hayo si maneno ya kutisha watoto. Ni mambo ambayo mtu mzima hutia sahihi baada ya kuyaelewa. Na kwa kawaida serikali hailipi. Zuhura na mumewe waliweka akiba miaka miwili, na safari ya kwenda nyumbani wakaiacha.

Kisha likaja jambo ambalo wengi wenu hamkulisikia. Daktari alimwambia, bila ya kuulizwa, kwamba lenzi ya nyuma ya pazia inayotumika sana hutengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa na kiasi kidogo sana cha kolajeni itokayo kwa nguruwe. Zuhura aliuliza masheikh wawili. Mmoja alisema kitu kilichogeuzwa kikawa kitu kingine hukumu yake hugeuka, na haja ipo, hakuna ubaya. Wa pili alisema kwa kuwa iko lenzi nyingine isiyo na kitu hicho, heri kujiepusha. Mimi si mufti, na ukurasa huu haupasishi wala haukatazi. Ninalosema ni kwamba mna haki ya kuuliza lenzi imetengenezwa kwa nini, na kila mtu amwulize sheikh wake. Zuhura alichagua ile ya magando, isiyo na kolajeni, huku akijua kwamba iko karibu zaidi na konea na kwamba seli zake zitahesabiwa kila mwaka.

Siku yenyewe nilikaa nje nikivuta uradi. Walimtia matone ya ganzi, wakapasa konea kwa kiasi cha milimita 3 na ushei, wakaingiza lenzi ikiwa imekunjwa, ikafunguka ndani, wakalibana pazia la rangi katika magando mawili, na pembeni ya pazia wakaacha kitundu cha kupitisha maji ili presha isipande. Haikufika saa moja. La pili lilifanywa baada ya wiki mbili.

Sheria ya hapa inamtaka dereva asome namba ya gari kwa mita 20. Siku ya pili, kituoni tukingoja basi, Zuhura alianza kusoma namba za magari kwa sauti, moja baada ya moja, kama mtoto wa darasa la kwanza asomaye mabango. Watu wakamtazama. Dada yangu, aliyempinga tangu mwanzo, alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akamwambia, "Basi, tumesikia."

Sasa mabaya yake, kama nilivyoahidi. Usiku huona duara za mwanga kuzunguka taa za magari. Zimepungua, hazijaondoka. Siku za kwanza alikatazwa kuinama na maji kuingia jichoni, kwa hiyo alisali kwenye kiti, na namna ya kutawadha akaelekezwa na sheikh. Hatakiwi kufikicha macho abadan, maana magando yanaweza kuachia. Akikata vitunguu hulia mikono nyuma. Akifika miaka 40 na kitu atahitaji miwani ya kusomea kama sisi sote. Na kubwa kuliko yote: lenzi imesahihisha picha, haikulifupisha jicho. Retina yake ni ile ile iliyovutika. Akiona vimulimuli, au vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au pazia linalomshukia upande mmoja, ni kukimbilia hospitali siku ile ile. Hili linawahusu wote wenye miwani minene, waliotiwa lenzi na wasiotiwa.

Basi kwa wanaofikiria, andikeni maswali haya kabla ya kwenda. Namba yangu imetulia kwa mwaka mzima? Seli za konea ni ngapi, na nani atazihesabu kila mwaka? Chumba cha maji kina kina gani? Retina imetazamwa mboni ikiwa imepanuliwa? Lenzi imetengenezwa kwa nini? Ikibidi itolewe, nani atalipa? Anayekasirishwa na maswali haya mwachieni mlango wake.

Na kwa wazee wenzangu: mtoto wa jicho si embe, hangojewi aive. Hufanyiwa akianza kukuzuia kuishi, na hapa Uingereza NHS hufanya bila ya malipo. Akina mama walioko nyumbani na walioko Oman, wapigieni simu, waulizeni wanaonaje. Msiwape jibu. Wapelekeni wapimwe.

Mimi pia jicho la kushoto limeanza ukungu. Nimeandika ukurasa huu kwa taa mbili. Nimepewa siku ya Januari, na safari hii sikungoja. Zuhura ndiye atakayeniendesha kwenda na kurudi. Nikirudi, In shaa Allah, nitaitoa ile picha ya mama ya mwaka 1991, ambayo kwa muda mrefu nimekuwa nikiiangalia kwa haraka haraka, niitazame vizuri.

Wasalaam,
Mwalimu wenu wa ubaoni